Noti Isiyonunua Kitu

Miongoni mwa zana zangu za kufundishia imo noti ya mfano ya mark 100 ya Ujerumani ya Mashariki, toleo la 1975, yenye sura ya Karl Marx. Noti za namna hii hutolewa ili makarani wa benki wajifunze kuzitambua noti halisi.

Siku moja niliwaambia wanafunzi kwamba hiyo ni fedha. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona namba yake ni sifuri tupu?" Nikalisoma neno lililopigwa juu yake: MUSTER, yaani mfano. Nilitahayari, nikakiri kosa.

Ndipo tukajadili kwa nini tarehe 1 Julai 1990, mark ya Ujerumani ya Magharibi iliposhika nafasi yake, hata noti halisi zilipoteza kazi, ingawa karatasi haikubadilika. Mwalimu mwenzangu, watoto na wakichunguze kifaa kabla hujakieleza.