Kinga Kabla ya Ngumi

Watu wengi hudhani ya kuwa elimu ya ngumi ni elimu ya kupiga. Sivyo. Aliyefunzwa vema ajua ya kwamba jambo la kwanza ni kutopigwa. Mimi huwafundisha vijana wa mtaa wetu mchezo huu wakati wa jioni, na katika miezi 3 ya mwanzo hakuna aruhusiwaye kurusha ngumi hata moja.

Twaanza na miguu. Mwenye kutumia mkono wa kuume hutanguliza mguu wa kushoto, magoti yamelegea kidogo, na kisigino cha nyuma kimeinuka. Asimamaye hivi haangushwi upesi, tena aweza kwenda mbele, nyuma na kando pasipo kupishanisha miguu. Kisha kidevu huinamishwa, mikono huinuliwa hata mashavuni, na viwiko hushuka kulinda mbavu.

Baada ya hayo huja njia nne za kujiokoa. Ya kwanza ni kukinga, yaani kuipokea ngumi kwa glavu, au kwa mkono, au kwa bega. Ya pili ni kupangua: kuisukuma kidogo kwa kiganja ipite kando, nguvu zake zipotee bure. Ya tatu ni kukwepa: kugeuza kiuno na bega, ngumi ikapita karibu na sikio, au kukunja magoti ikapita juu. Ya nne ni hatua, yaani kuondoka pale ngumi inapofikia. Katika zote lililo gumu ni kutofumba macho.

Zamani huko London alikuwako Myahudi mmoja, Daniel Mendoza, aliyezaliwa mwaka 1764. Mwili wake ulikuwa mdogo kuliko wa wengi aliopigana nao, nao Wayahudi walidharauliwa sana katika mji ule. Lakini yeye alijifunza kukinga na kukwepa, hata akawashinda watu wakubwa kuliko yeye, na mwaka 1789 akatoa kitabu cha kufundisha elimu hiyo.

Mama mmoja wa usharika wetu aliniuliza, “Mwalimu, mtoto akishajua kujikinga, je, hatatafuta mahali pa kuijaribu kinga yake?” Sikumjibu upesi, maana swali lake lilikuwa la haki. Tena kuna jambo zito zaidi. Mwaka 1928 daktari wa Marekani, Harrison Martland, aliandika habari za wapiga ngumi waliopigwa vichwani mara nyingi hata wakayumba kama walevi. Glavu huilinda mikono ya mpigaji kuliko ubongo wa mpigwaji. Kwa hiyo kwetu kichwa hakipigwi kamwe: hata wakubwa huguswa mabegani tu, tena kwa kiganja kilicho wazi.

Jibu la mama yule lilitoka kwa mwanawe mwenyewe, kijana mwepesi wa hasira. Siku moja sokoni mwenziwe alimtukana, akamrushia ngumi. Akaipangua ya kwanza, akaikwepa ya pili, akarudi nyuma hatua mbili, akaenda zake. Wenziwe wakamcheka, wakamwita mwoga. Alikuja kwangu machozi yakimlenga, akasema, “Mwalimu, ningaliweza kumwangusha.” Nikamwambia, “Najua, mwanangu, na wewe wajua. Mwoga hukimbia kwa kuwa hawezi. Wewe uliweza, ukaacha.” Alikaa kimya kitambo, nami sikumwongezea neno, maana kuchekwa huuma kuliko ngumi, na hakuna glavu ya kukingia kicheko.

Naona ya kuwa faida kubwa ya kinga ni kumpa mtu nafasi. Mwenye hofu hupiga kwa haraka, kwa kuwa hana njia nyingine. Mwenye kinga hupata kitambo cha kufikiri, na katika kitambo hicho dhamiri husema. Mtume Paulo naye aliutumia mfano wa mpiga ngumi alipowaandikia Wakorintho waraka wa kwanza, mlango wa 9, akinena habari za kuutiisha mwili wake mwenyewe.

Basi, ninyi wazazi, mtoto akitaka kujifunza ngumi, mwulizeni kwanza mwalimu wake anaanza na nini. Akianza na kupiga, mwondoeni. Akianza na miguu, na kinga, na kujizuia, mwacheni aende. Na arudipo nyumbani amechekwa kwa kutopigana, mpokeeni kwa heshima.