Motokari ya Misioni na Kutu Yake

Watu wengi wakiona motokari kuukuu husema: ipakwe rangi, itakuwa mpya. Sisi katika parokia yetu, huku Kivu, twaijua kazi hiyo sasa.

Motokari yenyewe ni Peugeot 404, aina iliyoanza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960. Ililala chini ya mti wa avoka miaka mingi, na kuku walitagia ndani. Kwa mbali ilionekana nzima. Fundi akaigonga kwa nyundo ndogo: milango ililia vizuri, lakini chini ya milango nyundo ikazama kama katika muhogo uliooza.

Yapasa kujua kwamba motokari ya namna hii haina fremu ya peke yake kama lori. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba mzigo. Ile mihimili ya chuma chini ya milango, iliyo wazi ndani, ndiyo mifupa yake. Maji huingia humo, na tope la magurudumu huziba vitundu vidogo vya kuyatoa. Basi kutu hula toka ndani kuja nje. Kidonda kikionekana juu ya rangi, ugonjwa umekwisha kukaa.

Fedha tuliyokusanya ilitosha kazi moja tu: ama bati jipya na kuchomelea, ama rangi nzuri. Na sikukuu ya parokia ilikuwa karibu. Mzee mmoja akatuambia: «Mwalimu, tuzibe matundu kwa mastiki, tupake rangi. Nani atalala chini kutazama?» Wengi walicheka, wakakubali. Fundi hakucheka. «Mzee wangu, mastiki hunywa maji. Masika moja tu, itabanduka. Na wagonjwa wataketi juu ya nini?» Kweli, motokari hii tuliitaka kwa ajili ya wagonjwa, na akina mama wenye uchungu wa kuzaa, maana hospitali iko mbali. (Mfano wa makaburi yaliyopakwa chokaa ulitufika ulimini, lakini tuliumeza, mzee yule ni mtu mwema.) Tukasema tu: chuma kwanza.

Fundi akakata chuma kibovu mpaka penye chuma king'aacho. Akachomelea bati la milimita moja, akasugua kwa msasa, akapangusa mafuta yote, na siku ile ile akapaka rangi ya kuzuia kutu, kwa sababu chuma kitupu katika hewa ya ziwa hakingoji kesho. Vitundu tulivizibua wenyewe kwa waya.

Siku ya sikukuu ilisimama kati ya maua, ya kijivu, yenye viraka. Vijana wa parokia jirani wakaiita punda. Juma lililofuata ilimpeleka mama mmoja hospitali, na mlango haukufungwa kwa kamba.

Rangi itangoja kiangazi, mwezi wa saba, kwa kuwa rangi ya selulosi ikipulizwa katika hewa yenye unyevu huingia weupe kama ukungu. Akina mama wa Legio wataka samawati, wazee wataka nyeupe. Padri Mkubwa asema bado anafikiri.