Saketi ya Tochi ya Mama Yako

Kariakoo, Dar es Salaam

Mpwa wangu mpenzi,

Picha ulizonitumia nimeziangalia zote, hata ile ya bomba la alumini ulilolikereza hapo chuoni. Kazi safi, na nimejivuna nayo mbele ya wenzangu dukani.

Sasa umeniuliza uchukue draiva ipi kati ya zile tatu, na naona moyo wako uko kwenye ile ya ampea 2.8 kwa kuwa ndiyo yenye mwanga mkali kuliko zote. Mimi nasema usiichukue. Tochi hii ni ya mama yako. Ataishika zamu ya usiku pale zahanati umeme ukikatika, huku mkono wa pili ukitafuta mshipa wa mtoto. Hapo hahitaji mwanga wa kufika ng'ambo ya ziwa. Anahitaji mwanga usioyumba tangu anapoiwasha hadi anapomaliza kazi.

Kabla ya draiva, ijue kwanza betri na uijue LED. Betri yako ni ya lithiamu, ile 18650: kipenyo milimita 18, urefu 65. Ikijaa ina volti 4.2, muda mwingi wa kazi inakaa kwenye 3.6 au 3.7, na ikifika 3 ihesabu imekwisha. LED uliyonayo, XM-L2, ikipitisha ampea moja inataka volti 3 hivi, pengine pungufu kidogo. Maana yake betri iko juu ya LED karibu muda wote, ila si juu sana. Andika namba hizo daftarini, maana ndizo zinazochagua draiva.

Balbu ya zamani yenye uzi ilikuwa inajilinda. Uzi ukipata moto, ukinzani unapanda na mkondo unazuilika. LED haina tabia hiyo. Ongeza volti kidogo tu, mkondo unaruka. Na ikipata moto, volti inazohitaji zinashuka, basi mkondo unazidi, joto linazidi, mwisho inaungua. Ndiyo maana kazi ya draiva ni kuushika mkondo. Muuzaji akikutajia wati na ukali wa mwanga, muulize inatoa ampea ngapi, na inazishikilia kuanzia volti ngapi hadi ngapi. Asipojua, geuza ubao usome mwenyewe namba za chipu.

Mafundi wengi wanaweka rezista moja na kumaliza. Kwa kitaa cha kuonyesha redio imewaka, inatosha. Kwa tochi yako haitoshi: ukiweka ya omu 1, betri ikiwa imejaa utapata ampea moja na ushee, lakini ikishuka hadi volti 3.3 umebaki na nusu ampea hivi. Mwanga unapungua polepole, macho yanauzoea, na mama yako hatajua kwamba anafanya kazi gizani.

Ninachotaka utumie ni chipu ya AMC7135. Ni ndogo kama punje ya hindi, ina miguu mitatu: mmoja wa umeme wa kuiamsha, mmoja wa hasi ya betri, na mmoja unaopokea mkondo kutoka upande wa hasi wa LED. Chanya ya LED inakwenda moja kwa moja kwenye chanya ya betri. Kila chipu inapitisha miliampea 350, wala haizidishi hata betri ikiwa imejaa. Ukitaka zaidi unaziunga sambamba: mbili ni 700, tatu ni 1050. Ile bodi uliyoipenda ina nane, ndiyo hizo ampea 2.8. Uzuri wa chipu hii kwa betri moja ni kwamba inahitaji nafasi ndogo sana ya kufanyia kazi, kama volti 0.12 tu juu ya LED. Kwa hiyo mwanga utakaa palepale hadi betri ikaribie volti 3.1, ndipo uanze kufifia.

Tatu zinakutosha. Volti zinazobaki kati ya betri na LED chipu hizi huzigeuza kuwa joto, hazina ujanja mwingine. Kwa chipu tatu na betri iliyojaa, joto hilo ni wati moja na robo hivi, na bomba lako litalibeba. Kwa nane ni karibu wati 3, juu ya joto la LED yenyewe, na hiyo ni tochi ya kuunguza kiganja. Halafu kuna muda. Betri ya miliampea-saa 3000 kwa chipu nane inaisha kwa saa moja hivi. Kwa tatu unakaribia saa tatu. Kwa chipu moja unapata zaidi ya saa nane, usiku mzima wa zamu.

Hapo ndipo nina ombi. Mguu wa kuamsha wa chipu ya kwanza uunge na chanya moja kwa moja baada ya swichi kuu. Miguu ya kuamsha ya zile mbili nyingine ipitishe kwenye kiswichi kidogo cha kusukuma. Kikizimwa, chipu moja inafanya kazi. Kikiwashwa, zote tatu. Kiswichi hakibebi mkondo wa LED, ni mkondo mdogo mno, kwa hiyo hata kile cha redio mbovu kinafaa. Bodi nyingi za dukani hupunguza mwanga kwa kuwasha na kuzima LED upesiupesi, na zile za bei rahisi zinafanya hivyo taratibu kiasi kwamba sindano ikisogea unaiona inarukaruka. Sitaki mama yako aone hivyo.

Ile draiva ya PT4115 iache. Ni nzuri sana, ila inaanzia volti 6, kwa betri mbili zilizoungwa kwa mfululizo. Siku ukiitumia, tazama rezista yake ndogo: gawanya 0.1 kwa omu zake upate ampea. Ikiandikwa R100 ni omu 0.1, yaani ampea moja. Ile ya tatu inapandisha volti kutoka betri moja ya kawaida ya 1.5, haikuhusu.

Jambo moja usilipuuze. AMC7135 haizimi betri ikiisha, na seli ulizozitoa kwenye betri ya laptop hazina ulinzi wao wenyewe, ulinzi ulikuwa kwenye ubao ulioutupa. Nunua seli yenye saketi ya ulinzi ndani. Lakini hiyo huwa ndefu, inafika hata milimita 69 au 70, kwa hiyo pima kabla hujakata bomba. Na ukipata fedha ya LED nyingine, tafuta yenye kipimo cha kuonyesha rangi halisi cha 90 au zaidi, maana muuguzi anasoma hali ya mgonjwa kwenye rangi ya midomo na kucha.

Ukimaliza kulehemu, toa kifuniko cha nyuma, hamisha waya wa mita kwenye tundu la ampea 10 na upime mkondo pale kifuniko kilipokuwa. Kiswichi kidogo kikiwa kimewashwa, pima betri ikiwa imejaa, kisha pima tena ikiwa kwenye volti 3.4 hivi. Namba zote mbili ziwe karibu na 1.05. Zikipishana sana, angalia kwanza lehemu ya hasi na springi ya betri. Kisha iwashe nusu saa mezani, bila kuishika, na uguse kichwa chake. Kikiwa cha moto usioweza kukishikilia, bamba la LED halijakaa vizuri kwenye alumini; fungua, safisha, paka upya ute wa kupitisha joto.

Chipu tano nimezifunga kwenye kiboksi cha dawa ya meno, mbili ni za akiba. Anakuja nazo baba mdogo wako Ijumaa. Nitumie vile vipimo viwili kabla hujampa mama yako tochi.

Mjomba wako akupendaye