Karatasi Niliyoijibu kwa Uongo

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ndugu msomaji, nami leo nimeamua kutoficha, ila nimemwomba mhariri asilichapishe jina langu, na utaona ni kwa nini.

Ilikuwa Jumatano, kipindi cha mwisho. Njaa ilikuwa imetubana, na wale wa mbali walikuwa wameanza kukusanya vitabu ili mvua isiwakute njiani. Mwalimu wetu wa ushauri nasaha akaingia na fungu la karatasi. Alituambia tusiandike majina. Maswali yalikuwa sita tu. Umewahi kuonja pombe? Umewahi kuvuta sigara au bangi? La tano ndilo lililonikaba koo: Je, kuna mtu nyumbani kwenu anayepika au kuuza chang'aa?

Nilimtupia jicho jirani yangu. Kumbe naye alikuwa ananitazama! Nikaifunika karatasi kwa mkono, nikaandika HAPANA kwa herufi kubwa, kubwa kuliko ilivyohitajika.

Ukweli ni kwamba karo yangu hutoka kwenye kangara. Nyanya, mama yake mama, ndiye amenilea tangu nikiwa darasa la pili. Huchanganya sukari guru, maji na kimea, akaviacha vichachuke siku kadhaa ndani ya pipa, kisha akapika usiku nyuma ya migomba. Mvuke ukipoa hudondoka tone tone. Mchota maji ni mimi. Sheria ya mwaka 2010 iliondoa marufuku ya chang'aa iliyokuwapo, lakini ikataka leseni na chupa zenye lebo. Nyanya hana leseni, na chupa zake ni za soda. Basi gari likinguruma usiku, sote hukaa kimya, hata mbwa ni kama anajua.

Juma lililofuata mwalimu alituandikia majibu ubaoni. Tulikuwa wanafunzi 43. Waliokubali swali la tano walikuwa wawili. Darasa zima liliangua kicheko, kila mtu akageuka huku na huko kutafuta hao wawili ni kina nani. Mwalimu hakucheka. Aliandika kando takwimu za NACADA, ile mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, za mwaka 2022, kuhusu watu wa miaka 15 hadi 65. Nchi nzima, wanaotumia pombe walikuwa asilimia 11.9. Mwaka 2017 walikuwa 12.2. Hapo ungedhani mambo yanatengenea. Kisha akaenda eneo kwa eneo. Kati, 12.8. Pwani, 13.9. Halafu sisi wa Magharibi, yaani Kakamega, Vihiga, Bungoma na Busia: 23.8. Karibu mtu mmoja kati ya wanne!

"Haya," akasema, "hao wote wanaipata wapi, ikiwa nyumba zinazopika ni mbili?"

Tulitulia tuli kama maji mtungini.

Mimi hutembea karibu saa nzima kwenda nyumbani, na siku hiyo swali hilo lilinisindikiza hadi mlangoni. Nilikuwa nikidhani takwimu hutengenezwa Nairobi na wasomi wenye miwani. Kumbe huanza na mtu kama mimi, ameshika kalamu na anaogopa. Anaogopa askari, anaogopa kuchekwa, anaogopa kukosa karo. Sidhani waliohojiwa mwaka 2022 walikuwa wajasiri wote kunishinda. Sasa, ikiwa 23.8 ni wale waliokubali, waliokana ni wangapi?

Na kuna jambo jingine linaloniuma zaidi. Mjomba wangu, kifungua mimba wa nyanya, hunywa ile ile anayoipika mama yake. Zamani alikuwa fundi hodari wa baiskeli, watu walimletea kazi kutoka soko la pili. Siku hizi asubuhi mikono humtetemeka hata hawezi kukaza spoki. Akishapata kikombe cha kwanza ndipo hutulia, lakini wakati huo hatafuti kazi tena. Mtu akitaka kujua ni wagonjwa wangapi wanaohitaji msaada kijijini kwetu, akiisoma karatasi yangu, mjomba hayumo. Nimemfuta kwa neno moja.

Insha hii nilimsomea nyanya kabla ya kuileta. Nilijua nitakiona cha mtema kuni. Alikaa kimya, akaendelea kukoroga mboga.

"Hao wawili waliosema kweli," akauliza mwishowe, "mwalimu aliwafanya nini, mjukuu wangu?"

"Hakuwafanya kitu, nyanya. Hakuwajua."

Akaweka mwiko chini. Akaanza kuhesabu kwa vidole nyumba zinazopika, akianzia kwa jirani yetu wa karibu. Alipofika tisa akakoma.

"Hizo ni za upande huu wa mto tu," akasema.

Tano kati ya nyumba hizo zina watoto katika shule yetu.