Daftari ambalo hakuna mtu anaona

Leo sina video. Ni maandishi tu, na ni marefu kidogo, kwa hivyo kama uko kwa matatu tafuta kiti cha dirishani utulie.

Novemba iliyopita nilibakisha kidogo tu nimwaibishe ndugu yangu mkubwa mbele ya watu elfu kumi na moja. Hao ni nyinyi. Skripti ilikuwa imeandikwa, taa imewashwa, simu iko kwa stendi. Ilikuwa video ya dakika mbili na nusu, na nikiri tu: ilikuwa kali. Ilikuwa na mzaha, ilikuwa na uchungu, ilikuwa na ule mstari wa mwisho unaofanya watu waandike "umesema ukweli bro". Najua ingesambaa. Nimefanya hii kazi miaka mitatu, kuna vile unajua.

Kisa chenyewe ni hiki. Nyumbani kwetu hapa Gakindu tuna kahawa, miti mia mbili na kitu, ile Baba alituachia. Ndugu yangu anaishi Nairobi. Siku moja akaandika kwa grupu ya familia kwamba kahawa ing'olewe tupande avokado. Hilo si jambo geni. Watu wengi Mukurwe-ini na kule Murang'a washafanya hivyo, na wengine wanakula vizuri sasa. Mimi nikajibu kwamba kahawa ya Baba haing'olewi nikiwa hapa. Naye akajibu: "Wewe endelea kucheza na simu, wacha watu wazima waongee."

Kucheza na simu. Mama alisoma. Shangazi zangu wawili wakaweka zile sura za kucheka.

Basi nikaenda kuwasha taa.

Kitu kilichonizuia si hekima. Ni kwamba wiki kama sita kabla ya hapo nilikuwa nimeanza kuandika kwa daftari kila asubuhi, na hiyo siku sikuwa nimeandika. Tabia ikishakushika inakusumbua, kama kutoka nyumbani bila kupiga mswaki. Nikasema wacha nimalize hii dakika kumi yangu halafu nirekodi. Nikafungua daftari, na kabla sijaandika nikarudi nyuma kusoma za siku zilizopita, nione kama kuna mstari naweza kuiba niweke kwa video.

Tarehe nne nilikuwa nimeandika: "Nimwambie Mama lini kwamba nataka kwenda?" Tarehe kumi, tena, maneno karibu yale yale. Tarehe kumi na tisa nimeandika hesabu ya kodi ya chumba kimoja Ruiru, na chini yake: "Lakini nani atabaki na kahawa?"

Nikakaa chini, kitandani, taa ikinimulika usoni kama mtu anahojiwa na polisi.

Mimi ndiye niliyekuwa nataka kuondoka. Mimi niliyeapa kwa grupu kwamba kahawa haing'olewi nikiwa hapa, nilikuwa nimeandika mara tatu kwa mkono wangu mwenyewe kwamba sitaki kuwa hapa. Hasira yangu kwa ndugu yangu haikuwa ya kahawa. Alikuwa amesema kwa sauti kitu nilichokuwa naogopa kukiwaza, kwamba siku moja hiyo miti haitakuwa na mwenyewe.

Sikurekodi.

Sasa, kuna watu wataniambia kwamba hiyo ingetoka tu, hata bila daftari. Labda. Lakini nifikirie: ni wapi pengine ningekuwa nimeisema? Kwa Mama, siwezi. Kwa marafiki, tunaongea mpira na pesa. Hapa kwenu ndio kabisa. Watu wanadhani sisi tunaoposti kila siku ndio tunajieleza sana. Ukweli ni kwamba mtu anayeongea na kamera kila siku ndiye ana hatari kubwa ya kusahau sauti yake. Kabla sijamaliza sentensi tayari najua nani atapenda na nani atatukana, na naikunja sentensi kidogo iwafuate. Miaka mitatu ya kukunja. Ilifika mahali hata nikiwa peke yangu nakamua ng'ombe najipata nawaza kwa ile sauti ya video: "Wasee, kuna kitu hakuna mtu anakuambia kuhusu ng'ombe..." Hapo ndipo nilijua kuna shida.

Daftari lenyewe ni la kawaida, kurasa 96, lile la shule. Naandika baada ya kukamua na kabla ya chai. Simu inabaki nyumbani mimi nikiwa kwa kistuli nje ya boma la ng'ombe. Nilijaribu kuandika kwa simu, haikufaulu, ujumbe ukiingia tu umeisha. Kuna mwandishi wa Marekani, Julia Cameron, alitoa kitabu mwaka wa 1992 akishauri watu waandike kurasa tatu kwa mkono kila asubuhi, chochote kile, bila kuhariri. Naheshimu, lakini huyo mama hakuwa na gari la maziwa linalomngoja barabarani. Mimi ni dakika kumi. Siku zingine ni mistari mitatu, mmoja wapo ni "leo sina la kuandika". Kuna siku nimeruka na sijafa.

Na isikudanganye mtu kwamba ukiandika unajisikia poa papo hapo. Mwaka wa 1986 wanasaikolojia wawili Wamarekani, James Pennebaker na Sandra Beall, walichapisha jaribio lao na wanafunzi wa chuo. Wanafunzi waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, wengine kuhusu jambo lililowaumiza sana maishani, wengine kuhusu vitu vya kawaida tu. Wale walioandika kisa chenye maumivu pamoja na walivyohisi, walienda kliniki ya chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Hiyo sehemu ndiyo wahamasishaji hupenda. Ile wanayoruka ni kwamba mara tu baada ya kuandika, hao hao walijisikia vibaya kuliko wenzao. Mimi nawaamini. Hiyo asubuhi ya taa sikutoka nikiwa mwepesi. Nilitoka nikiwa na aibu, na chai sikuimaliza.

Kuna mtu wa kwetu ambaye namfikiria sana siku hizi. Gakaara wa Wanjaũ, wa upande wa Tumutumu, si mbali na hapa. Oktoba 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, alikamatwa kwa sababu ya vijitabu na nyimbo alizokuwa akichapisha kwa Kikuyu. Alizuiliwa kwa miaka, Lamu, kisiwa cha Manda na kambi zingine, na huko akawa anaandika kumbukumbu zake kwa siri. Zilikuja kuwa kitabu mwaka wa 1983, kwa Kikuyu, na mwaka wa 1984 kikashinda Tuzo ya Noma, ambayo ilikuwa kati ya tuzo kubwa za vitabu Afrika. Baadaye, mwaka wa 1988, kikatoka kwa Kiingereza. Miaka mingi alifanya kazi ya uchapishaji Karatina. Mimi nimepita Karatina sokoni tangu nikiwa mtoto na mabegi ya viazi, na hakuna siku mtu aliniambia kwamba hapa alikaa mtu wa namna hiyo.

Sijilinganishi naye, tafadhali. Yeye angepatikana na karatasi zake ingekuwa shida ya kweli. Mimi daftari langu nalificha chini ya gunia la chakula cha ng'ombe kwa sababu ya dada yangu mdogo. Lakini kuna kitu kimoja ninachochukua kwake. Askari wanaamua utaamka saa ngapi na utavunja mawe wapi, na bado kuna karatasi moja ambapo wewe ndiye unasema leo kumetokea nini. Na unaisema kwa lugha yako.

Hii ya lugha ilinishangaza. Video zangu ni Kiswahili na Sheng, maana nataka mtu wa Mombasa na wa Kisumu anielewe. Nilidhani daftari litakuwa hivyo hivyo. Nikisoma sasa naona lina tabia yake. Pesa naandika kwa Kiingereza, sijui kwa nini, labda ndiyo inafanya zionekane nyingi. Mipango ni Kiswahili. Lakini kitu chochote kinachomhusu Baba kinatoka kwa Kikuyu, hata nikianza na Kiswahili katikati ya sentensi kinageuka. Sikuwahi kupanga hivyo. Miaka mitatu nikiwaambia watu wajieleze na sikujua mimi naomboleza kwa lugha gani.

Upande wa ubunifu nao, kwa sababu kuna wale mnaniuliza kila wiki nitoe wapi maoni mapya. Ile video ya Mama na ndoo, ambayo wengi wenu ndiyo iliwaleta hapa, ilitoka kwa daftari. Nilikuwa nimeandika mstari mmoja tu, siku ambayo hakukuwa na lolote: "Mama huanza kuimba kahawa ikishapita nusu ya ndoo." Nimechuma kahawa na Mama tangu nikiwa darasa la pili na sikuwahi kuliona hilo hadi nilipolazimika kujaza ukurasa. Kichwa huwa kinatafuta jambo kubwa. Kalamu ikikosa jambo kubwa inaokota kilichoko chini.

Lakini hapa ndipo natofautiana na wenzangu wanaosema kila kitu maishani ni kontenti. Wahome Mutahi, naye mtu wa Nyeri, alichekesha Kenya nzima miaka na miaka na safu yake ya Whispers, na ilikuwa ni mambo ya nyumbani: mke, watoto, mzee wa baa. Aliyafanya wahusika kwanza. Aliyapa majina mengine, akajicheka yeye mwenyewe kuliko mtu yeyote, ndipo akayapeleka gazetini. Ile video yangu ya ndugu wa mjini haikuwa hivyo. Ilikuwa hasira mbichi yenye taa nzuri. Kahawa yenyewe hapa hatuipeleki kiwandani ikiwa kijani, wanaikataa.

Ya Mama nilimwonyesha kabla ya kuposti. Alicheka, halafu akasema, "Kumbe huwa unaniangalia." Nikaposti. Ya kwenda Ruiru sikumwonyesha mtu, na mtaona nimeiweka hapa leo. Ni kwa sababu ameshaijua. Nilimwambia Desemba, kwa Kikuyu, tukiwa kwa shamba, na ndoo ilikuwa imepita nusu. Alinyamaza kuimba. Akachuma kama dakika tano hivi. Halafu akaniuliza hiyo chumba ina maji ya mfereji ama ni ya kununua.

Ndugu yangu nilimpigia, sikumwandikia. Haikuwa simu tamu. Nilimwambia kuhusu "kucheza na simu" na akasema nachukulia vitu kwa moyo sana. Hadi leo hajaomba msamaha, na mimi nilipomwambia kwamba nataka kuhama alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani laini imekatika. Alikuja Krismasi. Tulitembea mstari kwa mstari tukihesabu miti, ile ya juu ambayo imezeeka tukakubaliana itoke, ile ya chini karibu na mto ibaki kwanza. Mama ndiye ataamua lini. Mimi sijahama bado.

Ile skripti ya dakika mbili na nusu bado ninayo, imekunjwa ndani ya jalada la daftari la kwanza. Nimeisoma tena juzi. Bado ni kali. Mistari mitatu ni mizuri kabisa, kusema kweli, na kila nikiiona mkono unawasha. Nimeirudisha chini ya gunia.