Hati Tuliikagua, Mama Mwenye Nyumba Hatukumuuliza

Kama na wewe umepanga Sinza na kila baada ya miezi 6 unamhesabia mwenye nyumba kitita cha kodi, hii utaielewa haraka. Miaka 7 ya ndoa, tumehama mara 4. Ndiyo maana dalali alipotupigia kwamba kuna nyumba Tegeta, vyumba vitatu, ina hati na mwenyewe ana haraka, mimi na mume wangu nusura turuke sebuleni.

Nyumba ilikuwa nzuri kweli. Uani kuna mwembe, jikoni kuna hewa. Muuzaji, mzee mstaafu mpole, alitupokea kwa soda. Akasema mama yuko kijijini anauguza ndugu yake. Tukampa pole, tukarudi kwenye bei.

Na sisi si watu wa kukurupuka. Tulipeleka nakala ya hati kwa Msajili wa Hati, tukalipia upekuzi. Jina ni la yule mzee, hakuna rehani ya benki, hakuna zuio. Serikali ya mtaa wakasema mzee wanamfahamu. Risiti za kodi ya ardhi zipo. Yaani nikajiona mjanja! Tukakubaliana shilingi milioni 90, pesa zilipwe Jumatatu mbele ya mwanasheria.

Ijumaa nikapita peke yangu kupima madirisha kwa ajili ya mapazia. Mapazia, jamani! Getini nikafunguliwa na mama mtu mzima, kanga kiunoni, mikono ina unga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Unamtafuta nani?"

Nikamwambia nimekuja kupima madirisha kabla hatujahamia. Akanitazama.

"Madirisha ya nani?"

Mh! Sikumbuki nilijibu nini. Nakumbuka alinivutia kiti chini ya mwembe, akanieleza taratibu kwamba amerudi jana usiku, kwamba msingi wa nyumba ile walichimba wote wawili, na kwamba bati zilinunuliwa kwa pesa ya vitumbua vyake. Hakupiga kelele. Aliniuliza swali moja tu: "Na nyie hamkuuliza mwenye jiko anasemaje?"

Tulikuwa tumeuliza habari za maji, umeme, majirani, mpaka mafuriko. Yeye hatukumuuliza.

Jioni ile nikampigia mwanasheria. Akanisomea kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Mume au mke haruhusiwi kuuza, kupangisha wala kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja. Ukinunua hivyo hivyo, yule ambaye hakuridhia anabaki na haki ya kuendelea kuishi humo maadamu ndoa ipo na mahakama haijaamua vinginevyo. Utetezi wako ni kuonyesha kwamba hukujua, na kwamba hata ungefanya uchunguzi wa kutosha usingejua. Sasa mimi, niliyeambiwa kwa mdomo kwamba mama yupo, ningejitetea vipi?

Tukajitoa. Mzee alikasirika, dalali akaacha kupokea simu zetu. Lakini kasheshe lenyewe lilikuwa nyumbani kwetu.

Usiku mume wangu akasema, "Afadhali hatukulipa." Nikachukua rasimu ya mkataba mezani. Mnunuzi: jina lake peke yake. Nusu ya zile pesa zilikuwa zangu, akiba pamoja na mkopo wa SACCOS. Na rasimu ile niliipitia mwenyewe, nikarekebisha koma na tahajia kama ninavyofanya ofisini kila siku. Kwamba jina langu halimo, sikuona.

"Mbona mimi simo humu?" nikamuuliza.

Kimya. Kisha akasema, "Nilidhani ndivyo inavyofanywa."

Nikamjibu kwamba huenda na yule mzee alidhani hivyo hivyo. Tuliongea mpaka saa nane usiku. Tulinuniana kidogo, tukacheka kidogo, na asubuhi akampigia mwanasheria mwenyewe: nyumba yoyote tutakayonunua, majina mawili.

Kifungu cha 60 cha sheria ile ile kinaeleza kwa nini jambo hili lina uzito. Mali ikiwa kwa jina la mmoja, inachukuliwa kuwa ni yake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ikiwa kwa majina yenu wote, mnachukuliwa kuwa na haki sawa. Ni kweli mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango wakati wa kugawana mali ndoa ikivunjika. Lakini kwa nini usubiri kwenda kuthibitisha mahakamani jambo ambalo leo linamalizwa kwa kalamu?

Kwa hiyo, wewe unayenunua, fanya upekuzi kabla ya kutoa hata senti, halafu muone mwenza wa muuzaji ana kwa ana. Ukiambiwa amesafiri, msubiri. Ridhaa yake iwe ya maandishi, asaini mbele ya mwanasheria wako. Muuzaji akisema hana ndoa, aape hivyo kwa kiapo cha maandishi, na wewe uwaulize majirani. Nenda siku ambayo hawakutegemei.

Wewe unayeuza, mwambie mwenzako kabla ya kumwambia dalali. Mnunuzi makini atamtafuta tu.

Na ninyi wawili mnaodunduliza pamoja, ulizaneni leo jina la nani litaandikwa, kabla hamjaanza kubishana kuhusu rangi ya ukuta.

Sisi bado tumepanga Sinza. Jumamosi iliyopita tulikwenda kuona nyumba Goba. Kabla dalali hajafungua mlango, mume wangu akamuuliza, "Mama yupo?"