Saa Isiyo na Jina

Jina la Rolex nililijua kabla sijaiona saa yenyewe. Kijiweni kwetu ukisema "ile ya taji," kila mshikaji alielewa unazungumzia pesa. Ng'ambo ya ziwa, kule Uganda, rolex ni chapati iliyoviringishwa na mayai. Unainunua barabarani, unakula, safari inaendelea. Hiyo naimudu. Saa yenyewe, aina ya Submariner, iliyotoka mwaka 1953 kwa ajili ya wapiga mbizi, ikiwa mpya inauzwa zaidi ya shilingi milioni 20. Mimi ni nani?

Basi nikaamua kuiunda ya kwangu.

Nisikudanganye, msomaji: sikuchonga gurudumu hata moja. Mashine niliagiza, NH35 ya Seiko ya Japani. Ina vito 24, haina betri. Ndani mna kipande kizito cha chuma kinachozunguka kila ukitikisa mkono, kinakaza springi. Springi ikijaa, ukaivua, saa inaendelea kutembea muda wa saa 41 hivi. Kasha la milimita 40, kioo, mishale mitatu, na uso mweusi wenye taji na jina la wenyewe, vilikuja kimoja kimoja. Nikajifungia chumbani hapa Misungwi, feni nimezima kwa kuogopa vumbi, jasho linanitiririka. Mshale wa sekunde ni mwembamba kama unywele. Uliruka mara mbili kutoka kwenye kibanio. Mara ya pili niliutafuta kwa magoti mpaka usiku.

Ilipotembea, mbio kwa mjomba.

Mjomba wangu alikuwa fundi saa. Kimeza chake kilikuwa kando ya barabara ya Shinyanga, lenzi jichoni, saa za watu zimepangwa ndani ya kisanduku cha kioo. Kwanza simu za mkononi zikampunguzia wateja. Halafu macho yakaisha.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekuja na saa, naisikia."

Akaiweka sikioni, kimya. "Hii ni ya Kijapani. Zile za Waswisi siku hizi hukimbia zaidi." Kweli: yangu inapiga mara 6 kwa sekunde, zile mara 8. Akavuta kitufe cha pembeni, akawa anazungusha mishale taratibu, sikio limegusa kioo. Tak!

"Tarehe imeruka. Mishale inasema saa ngapi?"

"Saa tisa kamili, mjomba."

"Ilitakiwa iruke saa sita usiku. Ulifunga mishale kabla hujaisikiliza tarehe. Una haraka." Kisha akauliza, "Usoni umeandika nini?"

Ningeweza kumjibu lolote. Haoni. Ulimi ulikuwa umeshaandaa neno "hakuna."

"Jina la Waswisi, mjomba."

"Wao ndio walioifunga?"

"Hapana."

Akanirudishia. "Nilitaka watu wakiniuliza, niseme kaifunga mpwa wangu. Sasa nitasema nani?"

Sikulala vizuri. Kilichoniuma si kwamba alinisema. Ni kwamba nimekaa usiku kucha na kibanio, nimetoka jasho langu mwenyewe, halafu sifa yote nimempa mtu asiyenijua. Nikaagiza uso mwingine, mweusi mtupu, namba tu. Nikafungua upya. Safari hii nilizungusha mashine bila mishale, sikio limeinama, mpaka nikaisikia tak. Hapo hapo nikaweka mshale wa saa na wa dakika, yote miwili ikitazama juu kwenye 12. Ule wa sekunde ukafuata. Haukuruka.

Saa hiyo iko mkononi mwa mjomba. Mimi natazama saa kwenye simu kama wenzangu. Yeye akitaka kujua ni saa ngapi, anamwita mtoto amsomee. Lakini jioni, akikaa nje, utamkuta ameinua mkono mpaka sikioni. Wapita njia wakimuuliza ni saa ya kampuni gani, anajibu:

"Ya mpwa wangu."